Chupa Ndogo, Matone Mia Mbili: Maswali na Majibu Kuhusu Mafuta ya Pepaminti

Julai inapofika, ukungu wa asubuhi ukitanda kuanzia Ruiru hadi Thika na watu wakijikunyata stejini ndani ya majaketi, kuna chupa moja inayoanza kuonekana kwenye kaunta yangu ya kemisti. Ni ya kioo cha kahawia, haizidi urefu wa kidole, na mara nyingi mteja haji kuinunua, ameshainunua kwingine. Huiweka mbele yangu na kuuliza: "Daktari, hii niliuziwa ndani ya matatu. Wanasema inatibu kila kitu. Sasa niifanyie nini?"

Ndani yake ni mafuta ya pepaminti. Mimi ni mfamasia, na baada ya kujibu swali hilo kwa miaka mingi, kwanza Ruiru na sasa Thika, nimeona heri niyaandike majibu. Kwa kifupi, mafuta haya yana kazi yake. Kazi hiyo ni ndogo kuliko inavyopigiwa debe, lakini anayeijua huyafaidi.

Mimi hutia nanaa kwenye chai. Mafuta haya si kitu kilekile?

Ni ndugu, si mapacha. Pepaminti ni chotara aliyetokana na nanaa mbili, ile ya kawaida ya bustanini na ile inayoota kando ya maji. Wataalamu wa mimea wa Uingereza waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1696. Jina lake la kisayansi, Mentha piperita, limebeba pilipili ndani yake, na ukitafuna jani utajua kwa nini: huwasha kwanza, kisha hupoza. Hata neno letu peremende asili yake ni mmea huu.

Kupata mafuta, majani hupitishiwa mvuke. Mvuke ukipoa na kurudi kuwa maji, mafuta huelea juu yake na kuenguliwa. Kilo moja ya majani makavu hutoa takribani mililita 10 hadi 30 tu. Piga hesabu basi. Kikombe cha chai chenye gramu mbili za majani makavu kina kama tone moja la mafuta, na sehemu kubwa ya tone hilo hubaki kwenye majani unayotupa. Chupa ya mililita 10 ina matone mia mbili hivi. Anayeimimina kama mafuta ya kupikia hajui anamimina nini.

Nikinusa, pua inafunguka papo hapo. Ina maana homa imepona?

Hapana, na hata pua yenyewe huenda haikufunguka. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni mentholi. Kwenye ngozi na ndani ya pua kuna mishipa ya fahamu yenye vipokezi vya baridi, na mentholi hubisha hodi kwenye mlango uleule unaobishwa na baridi ya kweli. Ubongo hupokea habari kwamba hewa baridi inapita kwa wingi. Wanasayansi wawili, David Julius na Ardem Patapoutian, waliotambua kipokezi hicho kila mmoja kwa njia yake, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya hisia za joto na mguso. Lakini watafiti wakiipima hewa inayopita puani baada ya mtu kunusa mentholi, hawaoni njia ikiwa imepanuka. Mtu anahisi nafuu, basi.

Nafuu hiyo si ya kudharauliwa saa nane za usiku wakati usingizi umegoma. Mtu mzima aweke tone moja au mawili kwenye bakuli la maji ya moto, afumbe macho, avute mvuke kwa dakika chache. Mwenye pumu asijaribu kabla ya kuuliza, kwa sababu harufu kali inaweza kumbana kifua. Na usimfunike mtoto shuka juu ya bakuli la maji ya moto. Maji yakimwagika, mafua yatakuwa jambo dogo.

Mtoto wangu ana miezi minne na kifua kinakoroma. Nimpake kidogo?

Usimpake, mama. Hili ndilo swali ninaloacha kazi nyingine zote kulijibu. Mentholi ikiwa karibu na pua au uso wa mtoto mchanga inaweza kukaza koo lake na kusimamisha pumzi. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipakwe mafuta haya kabisa, wala yasidondoshwe kwenye karai la kumwogeshea. Hayayeyuki katika maji: huelea juu, kisha hunata kwenye ngozi yakiwa makali vilevile.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi hasa. Katika maeneo yenye historia ya malaria, kama Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wapo watu wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwa watoto wa namna hiyo, mentholi inaweza kuchangia chembe za damu kuvunjika na mtoto kugeuka manjano. Thika na Ruiru ni miji ya watu kutoka kila kona ya Kenya, na wazazi wengi huwa hawajui kama watoto wao wana upungufu huo.

Mnyonyeshe mara kwa mara, na muulize mfamasia matone ya maji ya chumvi ya puani. Ukiona anapumua mbiombio, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, au amekataa kunyonya, usije kwangu kwanza. Nenda Thika Level 5 au hospitali iliyo karibu nawe zaidi, hata kama ni usiku.

Kichwa hunigonga kila jioni baada ya foleni ya Barabara Kuu ya Thika. Yatanisaidia?

Hapa yana ushahidi mzuri. Mwaka 1996 madaktari wa Ujerumani waliwajaribu watu wenye maumivu ya kichwa ya kukazana, yale yanayobana kama kitambaa kilichofungwa kuzunguka paji la uso. Dawa yenye asilimia 10 ya mafuta ya pepaminti ndani ya spiriti, ikipakwa kwenye paji na panda za uso, ilipunguza maumivu karibu sawa na gramu moja ya paracetamol.

Ile ilikuwa dawa iliyotengenezwa kwa vipimo. Nyumbani anza chini: matone mawili ndani ya kijiko cha chai cha mafuta mengine, ambayo ni kama asilimia mbili. Paka kidogo kwenye panda za uso, mbali na macho, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mimi siku moja nilisahau kunawa, nikafikicha jicho nikihesabu pesa za jioni. Wateja wawili walinikuta nimeinamia sinki nalia kama mtu aliyefiwa. Ikikupata, osha kwa maji safi mengi na usifikiche tena.

Lakini kichwa kinachoanza ghafla kwa kishindo, kinachokuja na homa na shingo ngumu, au kinachoambatana na ganzi upande mmoja, hicho ni cha hospitali. Na kama kinakurudia kila juma, pima presha na macho.

Tumbo hujaa gesi nikila githeri. Niweke matone kwenye maji ninywe?

Usinywe mafuta ya chupani. Yanaweza kuchoma mdomo na koo, na mengi yakizidi ni sumu. Mafuta yaliyotafitiwa kwa tumbo hutiwa ndani ya vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka mpaka yapite tumbo na kufika utumbo mwembamba. Kila kimoja kina mililita 0.2 hivi, na humezwa kabla ya chakula. Huko mafuta hulegeza misuli ya utumbo inayojikunja, na ndiyo maana Chuo cha Madaktari wa Tumbo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kilivipendekeza kwa wenye utumbo unaosumbuka mara kwa mara: maumivu, gesi, choo kisichotabirika.

Kulegeza huko kuna upande wa pili. Mafuta yakiachiliwa juu, hulegeza pia mlango ulio kati ya koo na tumbo, asidi ikapanda. Mwenye kiungulia atakiongeza. Mwenye vidonda vya tumbo apimwe bakteria wa H. pylori, atibiwe kwa dawa zake; pepaminti haiwaui. Wewe wa githeri, loweka maharagwe usiku kucha, mwaga yale maji, kisha baada ya chakula kunywa chai ya majani. Inatosha.

Msusi wangu ameniambia yataotesha nywele za mbele zilizokatika. Ni kweli?

Maneno hayo yalianzia kwa panya. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini waliwapaka panya mchanganyiko wenye asilimia 3 ya mafuta haya kwa wiki nne, na manyoya yaliota vizuri sana. Panya, hata hivyo, hasuki rasta wala hafungi kilemba.

Nywele za mbele nyingi ninazoonyeshwa zimeng'olewa na msuko. Msuko ukibana hadi nyusi zinainuka na unameza dawa ya maumivu ili ulale, shina la nywele linavutwa siku baada ya siku, na likivutwa miaka mingi hufa. Dawa ya kwanza ni kumwambia msusi alegeze, na kuzipumzisha nywele kati ya msuko na msuko.

Baada ya hapo, ukitaka, kanda kichwa mara moja au mbili kwa wiki kwa mchanganyiko ule wa matone mawili kwa kijiko cha chai. Utahisi ubaridi mtamu na mwasho utatulia. Mba mzito, au choa cha mviringo tunachokiita mashilingi, vinataka dawa ya kuua fangasi.

Mafuta gani ya kuchanganyia ni mazuri?

Hapa Thika tumebarikiwa. Miti ya makadamia iliingia Kenya mwaka 1946 katika shamba la familia ya Harries karibu na mji huu, na leo viwanda vya kubangua njugu hizo viko papa hapa. Mafuta yake ni mepesi na huingia ngozini haraka. Ya parachichi, tunda ambalo majirani zetu wa Murang'a wanalilima kwa wingi, ni mazito zaidi na yanafaa visigino vilivyopasuka. Ya nazi yanafaa pia. Jeli ya petroli hufaa miguuni.

Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku moja. Pakiwasha au kuwa pekundu, hayakufai. Usoni usizidishe tone moja kwa vijiko viwili vya chai, na usiyapake kwenye chunusi zilizopasuka. Yanayosemwa kuhusu kung'arisha ngozi na kufuta madoa hayana msingi.

Nitajuaje kama si feki?

Dondosha tone kwenye bahasha ya kaki, uiache hadi kesho. Mafuta tete, yaani yanayoruka hewani, huondoka yote au karibu yote. Kukibaki duara la grisi kama la mandazi, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio hili halishiki ujanja mwingine, ule wa kuuza mafuta ya nanaa ya bei nafuu, Mentha arvensis, kwa jina la pepaminti. Kwa hiyo soma lebo: jina Mentha piperita, kioo cheusi, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Alama ya ubora ya KEBS ina namba yake, na unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Chupa inayodai kutibu kisukari au presha ingepaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize muuzaji namba ya usajili, uone kama atashuka kwenye steji inayofuata.

Naweza kuipanda kwenye ploti yangu Ruiru?

Unaweza, hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini, ukiipa maji na kivuli cha mchana. Ila usinunue mbegu. Pepaminti ni chotara tasa, haizai mbegu za kupanda, kwa hiyo pakiti ya "mbegu za pepaminti" ina kitu kingine. Omba kipande cha shina lenye mizizi kwa aliye nayo. Hutakamua mafuta, maana kwa chupa moja huenda ukahitaji hadi kilo nzima ya majani makavu, lakini chai hutaikosa.

Wewe mwenyewe unayatumiaje?

Jioni, baada ya kusimama kwa muda wa saa kumi, natia matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya makadamia na kukanda miguu. Miguu haiponi chochote, maana haikuwa na ugonjwa. Ilichoka tu, na ubaridi ule unaipumzisha.

Chupa inakaa juu ya kabati, mbali na jua na mikono midogo. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali na uichukue chupa, ili daktari ajue alichokunywa. Shosho mmoja wa Makongeni niliyemweleza haya yote alinitazama, akaizungusha chupa yake mkononi, akauliza: "Kwa hivyo haya matone mia mbili nitayamaliza lini?" Nikamwambia, kwa miguu yake miwili, akiyatumia mara moja kwa wiki, karibu miaka miwili. Akacheka, akasema basi aliyemuuzia hatapata pesa yake tena upesi.