Mbolea ya Mawe katika Udongo Mwekundu wa Buha

Kila mkulima wa Kasulu na Kibondo ajua jinsi shamba linavyochoka. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka pori mavuno huwa mema; miaka michache ikipita maharagwe hudumaa, na majani ya mahindi machanga huingia rangi ya zambarau pembezoni. Wengi husema, "Shamba limezeeka, tuhamie pori jingine." Lakini pori nalo lina mwisho, na rangi ile mara nyingi ni dalili ya kuwa mmea umekosa chakula kimoja, nacho chaitwa fosforasi.

Fosforasi husaidia mizizi kukua na mbegu kukomaa. Katika milima yetu yenye mvua nyingi udongo mwekundu umekuwa mchachu, na ndani yake mna chuma na alumini, ambavyo huikamata fosforasi hata mizizi isiipate. Kwa hiyo anunuaye mbolea dukani na kuitawanya ovyo hupoteza fedha yake.

Wenye mashamba ya mpira katika Malaya waliligundua jambo hili zamani. Mti wa mpira hustawi katika udongo mchachu, nao waliupa jiwe la fosfeti kutoka Christmas Island, lililosagwa tu bila kupikwa kwa dawa za kiwandani. Uchachu wenyewe uliliyeyusha jiwe polepole, mti ukala kwa miaka. Sisi hatulimi mpira, lakini udongo wetu ni ndugu wa ule, na jiwe tunalo hapa hapa Tanzania, mahali paitwapo Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Lilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1983. Wataalamu wasema asili yake ni mavi ya ndege waliokaa kando ya ziwa la kale. Basi samadi si jambo geni!

Jiwe hili lafaa hasa pale ambapo kipimo cha uchachu, yaani pH, ni chini ya 5.5 (namba ikipungua, uchachu huzidi). Kwa sababu hiyo twawaomba wasomaji washike neno moja: majivu na chokaa visitiwe katika shimo moja na jiwe hili. Majivu ni mema kwa migomba iliyo nyuma ya nyumba, lakini huua uchachu, na uchachu ndio moto unaolipika jiwe.

Unga wa jiwe uchanganywe vizuri na udongo wa shimo kabla ya kupanda, usiachwe juu ya ardhi. Samadi itiwe pia, maana jiwe halina naitrojeni. Na makinga maji yatengenezwe, kwa kuwa fosforasi haizami chini kama chumvi. Huondoka pamoja na udongo unaochukuliwa na mvua.

Walimu waweza kujaribu katika bustani ya shule. Wapande maharagwe vipande viwili, kimoja kipate kizibo kimoja cha unga kwa kila shimo, cha pili kisipate. Maua yakitoka, wang'oe mashina machache, wahesabu vinundu vya mizizini na kuvipasua. Vilivyo vyekundu ndani ndivyo vinavyofanya kazi. Vijiti vya mipaka viachwe palepale, kwani jiwe huyeyuka taratibu, na huenda tofauti ikaonekana zaidi msimu wa pili.