Nyanya na Wajukuu: Matayarisho ya Asubuhi ya Shule

Katika Rangwe, upande wa bara wa Kaunti ya Homa Bay, mtoto wa shule mara nyingi huamshwa na sauti ya nyanya yake wala si ya mama yake. Pengine wazazi wamekwenda kutafuta kazi Kisumu, Nairobi au katika mashamba ya majani chai ya Kericho. Pengine hawapo tena duniani. Ugonjwa wa Ukimwi ulizipiga nchi za kando ya Ziwa Victoria kuliko sehemu nyingine nyingi za Kenya, na hata katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018, karibu watu 20 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika Homa Bay walikutwa na virusi vyake. Dawa zimewaokoa wengi, lakini zipo nyumba ambazo dawa zilichelewa kuzifikia. Humo mzee aliyetazamia kupumzika amejikuta ana watoto watatu au wanne wa kulisha, kuvisha na kupeleka shule.

Kulea wajukuu si jambo jipya kwa Wajaluo. Zamani wasichana walilala katika nyumba iitwayo siwindhe, chini ya mwanamke mzee aliyewafundisha hadithi, mafumbo na adabu. Na wavulana waliota moto pamoja na wazee katika duol, kibanda cha mwenye boma. Basi nyanya, anayeitwa dayo, alikuwa mwalimu tangu awali. Lakini masomo ya siwindhe yalikuwa ya usiku, na hakuna kengele iliyomngoja mtoto asubuhi. Kazi ya leo ni nyingine, nayo ina saa yake.

Saa hiyo imewekwa na sheria. Kanuni za elimu za Kenya za mwaka 2015 zimepanga masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 humhesabu mlezi kuwa ni mzazi. Kwa hiyo wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto yumo darasani humwangukia nyanya vile vile kama ungalimwangukia mama. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwezi wa Januari mwaka 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani mwaka huo huo. Mlango ulifunguliwa. Kuufikia kabla ya saa mbili ndiyo kazi iliyobaki.

Nalo jua halisaidii sana. Kwa kuwa Rangwe iko mbali upande wa magharibi, jua huchomoza huko dakika 20 hivi baada ya kuchomoza Mombasa, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Mwanzoni mwa Novemba huonekana karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mwezi wa Februari halionekani mpaka saa moja kasoro dakika kumi hivi. Na Januari na Februari ndiyo miezi ya muhula wa kwanza, wakati watoto wadogo kabisa wanapoanza shule! Mtoto wa miaka sita huenda mwendo wa kilomita tatu kwa muda wa saa nzima, maana miguu ni mifupi na njiani kuna mambo mengi ya kutazama. Akitoka nyumbani saa moja kasoro dakika ishirini atafika kwa wakati, lakini ataondoka kabla ya jua. Ili aondoke saa hiyo amekwisha nawa, amekula na amevaa, yafaa aamshwe saa kumi na moja na nusu, au baadaye kidogo. Jogoo si saa ya kutegemewa, huwika apendavyo. Simu ndogo iliyotegwa kengele, au redio, hufaa zaidi.

Nyanya mwenye busara huianza asubuhi hiyo jioni iliyotangulia. Watoto warudipo shuleni, kabla ya kutawanyika kucheza, huulizwa swali moja: mwalimu amesema mlete nini kesho? Tangu mtaala mpya wa umilisi ulipoanza kutumika mwaka 2019, walimu huwaomba watoto vitu vingi vya nyumbani, kama mbegu, majani, vifuniko vya chupa, au maboksi. Mtoto husahau jambo hilo usiku kucha, akalikumbuka akiwa mlangoni, mkoba mgongoni. Hapo ndipo kilio kinapoanza, na robo saa inapotea katika kutafuta maharage kumi gizani. Swali la jioni huondoa taabu hiyo yote, hata kama nyanya mwenyewe hakusoma. Hana haja ya kusoma daftari. Anayehitaji kusema ni mtoto.

Baada ya swali, maji. Mitungi ijazwe kabla ya giza. Sare iliyofuliwa ikunjwe na kuwekwa chini ya godoro inyooke, na viatu viwili viwili vipangwe mahali pamoja, kila mtoto na pake. Wazee wengi hulidharau jambo la viatu, lakini kiatu kimoja kilichopotea chini ya kitanda kimewachelewesha watoto wengi kuliko mvua.

Chakula cha asubuhi hakihitaji gharama. Viazi vitamu vilivyochemshwa jioni huhitaji kupashwa moto tu. Uji wa mtama au wimbi, uliochanganywa na unga wa mahindi, hukaa tumboni kuliko chai tupu. Ugali uliobaki usiku, ukikaushwa kidogo juu ya makaa, huliwa na chai bila malalamiko. Mtoto anayekunywa dawa kila siku apewe kwa saa ile ile aliyoagizwa na mganga wa kliniki, na nyanya aishike chupa kwa mkono wake mwenyewe. Haifai kumwachia mtoto wa miaka saba kazi hiyo kwa sababu nyanya anakoroga uji. Moto wenyewe hufukiwa kwa majivu usiku ili makaa yapatikane upesi alfajiri. Lakini ufukiwe jikoni. Jiko la makaa lisilazwe kabisa katika chumba wanamolala watu, hata usiku wa baridi, maana hewa ya sumu itokayo katika makaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Sasa lipo jambo ambalo watu hawaliangalii sana. Katika nyumba nyingi za namna hii yupo msichana mkubwa, wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Nyanya ana maumivu ya magoti, na kuinama ni taabu. Basi msichana huyo ndiye awashaye moto, achotaye maji, amwoshaye mdogo na kumtafutia kaptula. Watu humsifu kuwa ni mama mdogo. Sifa hiyo ina bei yake. Wadogo hufika shuleni kwa wakati, naye hufika wa mwisho, amechoka kabla ya somo la kwanza, na hesabu ndilo somo ambalo mara nyingi hufundishwa asubuhi. Hivyo ndivyo msichana mwerevu anavyorudi nyuma mwaka baada ya mwaka bila mtu kutambua sababu, mpaka siku anapoacha shule na watu wakasema hakupenda masomo.

Dawa ya jambo hili ni kugawa kazi kwa umri, si kwa jinsi. Mtoto wa miaka sita aweza kunawa uso na kuvaa shati mwenyewe; vifungo vikikosewa, si kitu. Mvulana wa miaka tisa aweza kuchota maji na kumwaga majivu, na haitampunguzia uanaume wake. Nyanya abaki na zile kazi zinazofanywa kwa kukaa: kukoroga uji, kupaka mafuta nyuso na miguu, kutazama masikio na kucha. Na kazi iliyo kubwa kuliko zote ni kuwa yeye ndiye anayeijua saa, ili msichana mkubwa asiwe na roho juu juu kila asubuhi. Akichelewa kwa sababu ya wadogo, nyanya aende mwenyewe kumwambia mwalimu, bila haya. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni tangu mwaka 2001, lakini aibu ya kusimamishwa mbele ya wenziwe nayo huumiza.

Kuamsha watoto kuna ufundi wake, na katika huo wazee huwashinda wazazi. Kwa desturi ya Wajaluo, kama ilivyo kwa makabila mengi ya Afrika ya Mashariki, nyanya na mjukuu hutaniana. Nyanya humwita mjukuu wa kiume mume wake, akamwambia kwamba mume mvivu ataachwa leo hii, na mwingine yuko njiani anakuja. Mtoto aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani huanza kucheka, na mtoto anayecheka amekwisha amka. Makelele na kofi huchukua muda mrefu zaidi.

Lakini nyanya asimtanie kabla ya kumgusa. Mgongo wa mkono uwekwe shingoni kwa kila mtoto, kila siku. Nchi hizi za ziwa zina malaria mwaka mzima, na mtoto asiyetaka kuamka huenda si mvivu bali ana homa. Chanjo ya malaria ilizinduliwa katika Kenya mwezi wa Septemba 2019, na uzinduzi wenyewe ulifanyika katika Kaunti ya Homa Bay. Chanjo hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Chandarua bado kinatakiwa. Mtoto mwenye joto asipelekwe shule kwa kuogopa kwamba atakosa somo. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu.

Ikabaki njia. Katika mvua za masika, tangu Machi mpaka Mei, vijito hujaa usiku na vijia huwa utelezi; na mahindi yakiwa marefu, mtoto mdogo hawezi kuona wala kuonekana. Yafaa watoto wa maboma manne au matano waende kundi moja, na wazee wapokezane zamu ya kuwasindikiza mpaka njia panda: huyu Jumatatu, yule Jumanne. Hivyo mzee mwenye magoti mabaya hutembea mara moja tu kwa juma. Kwenye barabara ya magari watembee upande wa kulia, mmoja nyuma ya mwenziwe, ili wayaone magari yanayowajia. Pikipiki imesaidia wengi, lakini kupakia watoto watatu juu ya pikipiki moja, mmoja akikaa juu ya tangi la petroli, ni kinyume cha sheria, na asubuhi yenye umande si wakati wa kuijaribu bahati.

Babu naye asikae kando akidhani kuwa haya ni mambo ya jikoni. Zamu ya njiani yamfaa sana, na mwendo wa kilomita mbili pamoja na wajukuu ni duol inayotembea. Tena mwaka 2018 serikali iliupanua mpango wa malipo ya wazee uwafikie waliotimiza miaka 70, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo huchelewa mara kwa mara na hazitoshi mengi, lakini kwa yule aliyeandikishwa, taa ndogo ya jua na jozi ya viatu hununuliwa kwazo kabla ya tumbaku. Asiyeandikishwa amwone chifu.

Saa mbili ikigonga boma huwa kimya, na nyanya aweza kulala kidogo au kwenda shambani. Asiende mbali. Watoto wa darasa la awali huachiwa karibu na adhuhuri, nao hurudi na njaa, na mara nyingi bila sweta waliyoondoka nayo.