Maji Safi Yasiyo Salama: Floraidi, Mtoto na Lugha ya Afya

Makala haya yanachunguza kirai ambacho kila msemaji wa Kiswahili amekizoea: "maji safi na salama". Kiunganishi "na" kimeyafanya maneno hayo mawili yaonekane pacha, hata msikilizaji akadhani kwamba maji yaliyo safi hayana budi kuwa salama. Katika Bonde la Ufa, pacha hao wametengana.

Miamba ya volkano iliyotanda kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha, hadi Arusha nchini Tanzania ina madini ya floraidi. Maji ya chini ya ardhi huyayeyusha madini hayo taratibu, na yatekwapo kisimani huwa maangavu, hayana rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limependekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Visima vingi katika ukanda huu hupita kiwango hicho.

Hapa hata istilahi "uchafuzi" inatatiza. Uchafuzi hudai mchafuzi, awe kiwanda au mkulima mwenye dawa zake. Lakini je, tumshtaki mlima?

Anayedhurika zaidi ni mtoto. Meno yake ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi miaka mingi kabla ya kuota. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, yaani takriban miaka minane ya kwanza, gamba la nje la jino haliivi sawasawa. Jino huchomoza na madoa meupe mithili ya chokaa, ambayo baadaye hugeuka kahawia. Hali ikiwa mbaya, huwa na vishimo. Mtu aliyehamia Nakuru meno yake yakiwa yamekwisha kukomaa hapati madoa hayo. Mifupa, hata hivyo, haina kinga ya umri. Anywaye maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kukakamaa viungo, na baadhi ya watoto hupinda miguu.

Juu ya madhara hayo, mtoto hubebeshwa lawama. Huambiwa hapigi mswaki, naye hujifunza kucheka huku ameziba mdomo. Ilhali madoa hayo yamo ndani ya gamba lenyewe, mswaki hauyafikii. Kinaya ni kwamba floraidi iyo hiyo husifiwa katika matangazo ya dawa ya meno, na ni kweli kwamba kwa kiasi kidogo huzuia meno kuoza.

Tumerithi pia agizo la "chemsha maji ya kunywa". Agizo hilo limewaokoa wengi na kipindupindu na homa ya matumbo, wala sisemi liachwe. Lakini floraidi si kiumbe hai, haifi kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, yenyewe husalia sufuriani, na kila kikombe huwa nayo zaidi kidogo. Klorini nayo haiiondoi.

Yapo yanayofaa: kukinga maji ya mvua, au kuchuja kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, mbinu iliyoendelezwa na Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Mfupa huo huinasa floraidi kama ambavyo mifupa ya mtoto ingeinasa. Hatimaye hujaa, ukahitaji kubadilishwa, na ulimi hautambui siku hiyo. Hutambuliwa kwa kupima maji.