Chujio la Maji kwa Tangi la Samaki: Namna ya Kulitengeneza na Kulitunza Nyumbani

Ufugaji wa samaki katika matangi ya plastiki huwawezesha wakazi wasio na eneo la kuchimba bwawa kupata kitoweo na kipato uani mwao. Hata hivyo, maji ya tangi ni machache na uchafu hujikusanya upesi. Hutokea mfugaji akalala akiwa na sato wenye afya, akaamka na kuwakuta wakielea, ilhali maji yanaonekana maangavu. Mara nyingi kinachowaua ni amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua na ambayo hutokana pia na chakula kinachooza.

Chujio hufanya kazi mbili. Kwanza, hunasa kinyesi na mabaki ya chakula. Pili, na hii ndiyo kubwa zaidi, huwa makazi ya bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo.

Vifaa

Kwa tangi la lita 500 lenye samaki wachache, huhitajika ndoo mbili za lita 20, pampu ndogo ya kuzamisha yenye uwezo wa kupandisha takriban lita 500 kwa saa hadi kimo cha ndoo, mpira wa maji, mabomba ya inchi moja, sponji, kokoto na vifuniko vya chupa za plastiki. Ndoo zilizowahi kuhifadhi dawa au mafuta zisitumike.

Utengenezaji

1. Ndoo ziwekwe juu ya jukwaa imara, juu kuliko ukingo wa tangi. Ndoo ya pili iwe chini kidogo kuliko ya kwanza.
2. Kila ndoo itobolewe karibu na ukingo wake na kufungwa bomba la kutolea maji. Bomba hilo liwe pana kuliko mpira wa pampu, ili maji yasifurike.
3. Mpira wa pampu ufike chini kabisa ya ndoo ya kwanza. Maji yapande kupitia sponji, kisha yaende chini ya ndoo ya pili.
4. Ndoo ya pili ijazwe kokoto zilizooshwa, na juu yake mfuko wa neti wenye vifuniko, uliokandamizwa kwa jiwe. Maji yakishapanda, yarudi tangini kwa kudondoka, ili yachukue hewa.

Mchanga laini haufai katika chujio la namna hii, kwa kuwa huziba upesi.

Utunzaji

Bakteria huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Katika kipindi hicho samaki wawe wachache na chakula kiwe kidogo.

Kosa linaloangamiza kazi yote ni kuosha sponji na kokoto kwa maji ya bomba yenye klorini, au kwa sabuni. Bakteria hufa, na amonia hupanda upya. Sponji isuuzwe katika ndoo yenye maji yaliyotekwa tangini. Maji ya bomba yakae wazi kwa saa 24 kabla ya kuongezwa.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyotuama ndani ya chujio yamwagwe kabla ya kuwasha pampu. Soketi iwe mbali na maji, na umeme uzimwe kabla ya mtu kuingiza mkono tangini.

Sato wakionekana wakihema juu ya maji, chakula kisitishwe mara moja, theluthi moja ya maji ibadilishwe, na hewa iongezwe. Maji yanayotolewa yana rutuba, hivyo yamwagiliwe mchicha au tembele.

Wakazi wanaokusudia kuanza ufugaji wanashauriwa kumwona afisa ugani wa uvuvi kabla ya kununua vifaranga, na kuandaa chujio mapema.