Elimu ya Dijitali: Punguza Kasi ya Skrini, Betri Idumu

Stima imepotea, fomu ya mkopo wa masomo imejazwa nusu, na betri ya laptopu imebaki asilimia 20. Hali hii si ngeni kwa wakazi wengi wa kaunti yetu. Wengi hukimbilia kupunguza mwangaza wa skrini, na hilo ni jema. Lakini upo mpangilio mwingine ambao wachache huugusa: kasi ya skrini kuchora picha upya.

Kasi hii ni nini?

Picha unayoiona kwenye skrini huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na idadi hiyo hupimwa kwa hezi. Skrini ya hezi 60 huchora picha mara 60 kwa sekunde. Ya hezi 120, mara 120. Kasi ikipanda, maandishi huteleza vizuri unaposhuka ukurasa, na michezo ya kompyuta hupendeza zaidi. Hata hivyo, kazi hiyo ya ziada hula chaji. Kwa kuandika barua, kusoma au kujaza fomu kwenye eCitizen, hezi 60 zinatosha.

Hatua za kufuata kwenye Windows 11

1. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, kisha uchague Display settings.
2. Shuka hadi Advanced display, ubofye.
3. Ikiwa umeunganisha projekta au skrini ya pili, kwanza chagua skrini unayotaka kubadilisha.
4. Palipoandikwa Choose a refresh rate, chagua 60 Hz ili kuokoa chaji. Stima ikirudi, unaweza kupandisha tena.

Skrini ikiwa nyeusi baada ya kubadilisha, usiwe na wasiwasi. Usipothibitisha mabadiliko, kompyuta hurudisha mpangilio wa awali baada ya sekunde chache.

Orodha ikionyesha 60 pekee

Laptopu nyingi, hasa za mitumba, zina skrini ya hezi 60 tu. Huo si ugonjwa. Ndio uwezo wa skrini yenyewe. Usimlipe mtu anayeahidi kukuongezea kasi kwa programu. Lakini kama kasi ya juu ilikuwepo na ikatoweka baada ya fundi kuweka Windows upya, huenda draiva ya kadi ya picha haikuwekwa. Mrudie aiweke.

Vilevile, muuzaji akikuambia laptopu ni ya hezi 120 au 144, fuata hatua hizi mbele yake kabla ya kutoa pesa. Orodha hiyo itakuonyesha ukweli.

Kishale kikikwamakwama kwenye televisheni

Ukiunganisha laptopu na televisheni ya 4K, kasi inaweza kushuka hadi hezi 30, kwa kuwa HDMI ya toleo la 1.4 haipitishi zaidi ya hapo kwa picha ya ukubwa huo. Punguza ukubwa wa picha hadi 1920 kwa 1080, kisha uchague 60 Hz.

Jaribu leo

Fungua mpangilio huu kabla stima haijapotea, uone laptopu yako iko kwenye hezi ngapi. Mfundishe pia jirani au mwanafunzi nyumbani. Chaji iliyookolewa huenda ndiyo itakayoituma fomu hiyo kabla ya muda kuisha.