Joto Ndani ya Gari

Ukitoka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, usiache dawa kwenye dashibodi ili upitie sokoni. Dawa mseto ya malaria hutunzwa pasipozidi nyuzi 30 za Sentigredi. Nje kukiwa nyuzi 32, gari lililofungwa juani huweza kufika 50 kwa nusu saa, na dawa hupoteza nguvu bila kubadilika sura. Kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Kitambaa kwenye kioo cha mbele hulinda viti. Dawa zitie kikapuni, uende nazo.

Mtoto je? Mwili wake hupata joto mara 3 hadi 5 upesi kuliko wa mtu mzima. Ateremke nawe, hata amelala, hata kama unanunua chumvi tu.