Kufundisha Makadirio kwa Gari Kuukuu: Somo la Hesabu na Kazi za Mikono katika Mazingira ya Mikindani

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya Hesabu vya shule za msingi, mafunzo ya fedha huja kwa sura moja. Juma ana shilingi kadhaa, amenunua madaftari kadhaa, je, amebakiwa na shilingi ngapi? Swali la namna hii lina manufaa yake, lakini lina upungufu mmoja mkubwa: Juma daima ana fedha za kutosha. Mwanafunzi hakutani na jumla inayozidi kilichomo mfukoni, wala haulizwi afanye nini hali ikiwa hivyo. Basi hutoka shuleni akiwa hodari wa kujumlisha na kutoa, lakini hajapata kufanya uamuzi hata mmoja.

Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi mwalimu wa darasa la tano au la sita anavyoweza kuondoa upungufu huo kwa kutumia kitu kinachoonekana na kushikika, yaani gari kuukuu linalohitaji kufufuliwa kwa fedha kidogo. Tumechagua Mikindani, mji wa kale ulio kando ya ghuba, kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Hata hivyo, mwalimu aliye mahali pengine aweza kuugeuza mfano huu ufuate mazingira yake.

Kwa nini gari, na gari la namna gani?

Yapo magari yaliyouzwa yakiwa vipande, mnunuzi akayaunganisha mwenyewe. Nchini Uingereza gari dogo liitwalo Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957, lilipata wanunuzi wengi kwa njia hiyo, kwa sababu gari lililouzwa vipande vipande halikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Magari ya aina hiyo ni adimu kwetu. Lililo karibu nalo zaidi ni Land Rover ya zamani. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na tangu mwanzo mabati ya bodi yake yalifungwa kwa nati na bolti hata fundi aweza kuondoa kipande kimoja bila kuvunja kingine. Tena lilisafirishwa likiwa vipande hadi nchi nyingi na kuunganishwa huko. Kiwanda cha Leyland kilichojengwa Thika, Kenya, katika miaka ya 1970 kilifanya kazi hiyo.

Kwa mwalimu, faida yake ni dhahiri. Gari linalofunguka vipande vipande hufundisha kwamba kitu kikubwa ni mkusanyiko wa sehemu, na kwamba kila sehemu ina hali yake, kazi yake na bei yake. Wahenga wa pwani walikwisha kusema: usione vyaelea, vimeundwa.

Pwani nayo huongeza somo la Sayansi. Bodi ya Land Rover ya zamani ni ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa cha shida baada ya Vita Kuu ya Pili. Lakini chesisi yake ni ya chuma. Upepo wa baharini huleta chumvi na unyevu. Mahali alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Chesisi nayo ina uwazi ndani. Matope na chumvi vikiingia humo, kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ikionekana nzima. Mwanafunzi wa Mikindani akifahamu jambo hili, atafahamu pia kwa nini misumari ya paa la nyumba yao huoza upesi.

Shabaha za somo

Mwisho wa somo, ambalo litachukua vipindi 5, mwanafunzi aweze:
(a) kukagua kitu na kuandika hali ya kila sehemu kabla ya kuuliza bei;
(b) kupanga sehemu hizo kwa kufuata umuhimu;
(c) kutenga akiba na kulinganisha jumla ya gharama na fedha zilizopo;
(d) kutoa uamuzi na kuutetea kwa sababu.

Hatua ya kwanza: Ukaguzi

Mwalimu atafute mapema gereji au ua ambamo gari kuukuu limewekwa, aombe ruhusa ya mwenyewe, na azungumze na fundi siku moja kabla. Wanafunzi wakifika wamwamkie fundi kwa shikamoo, kisha wamwachie yeye nafasi ya kwanza kusema. Fundi ni mwalimu wa siku hiyo. Mwalimu wa darasa ni msaidizi wake.

Sheria za usalama zitajwe kabla ya jambo lolote. Mtoto yeyote asiingie chini ya gari, hata kama limeinuliwa kwa jeki na kuwekewa magogo. Asiguse betri, kwa kuwa tindikali yake huunguza. Pasiwe na moto wowote karibu na tangi la petroli.

Fundi aonyeshe majaribio matatu yasiyogharimu chochote. La kwanza, aigonge chesisi kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi, au hubonyea. La pili, achomoe kijiti cha kupimia oili ya injini. Oili iliyogeuka rangi kama ya maziwa yaonyesha kwamba maji yamechanganyika nayo. La tatu, azungushe injini kwa hendeli. Injini isiyozunguka kabisa yaweza kuwa imeshikana ndani, na hiyo ni habari kubwa kwa mpangaji wa makadirio.

Jambo moja zaidi lisisahauliwe: namba iliyogongwa kwenye chesisi ilinganishwe na ile iliyo katika kadi ya gari. Zisipolingana, makadirio yote yasimame hapo hapo mpaka jambo hilo lieleweke, kwani hakuna faida kutengeneza gari lisiloweza kuingia barabarani kihalali.

Hatua ya pili: Jedwali

Wakirudi darasani, wanafunzi wachore jedwali lenye safu nne: sehemu, hali yake, uamuzi, na bei. Katika safu ya uamuzi yaruhusiwe maneno matatu tu: acha, tengeneza, badilisha. Safu ya bei ibaki tupu kwa kipindi kizima. Twasisitiza jambo hili kwa sababu watoto, kama watu wazima, hupenda kukimbilia bei. Lakini bei ya sehemu isiyokaguliwa ni kubahatisha tu, hata ikiandikwa kwa mwandiko mzuri.

Hatua ya tatu: Makundi

Sehemu zote zigawanywe katika makundi matatu. Kundi A ni usalama: chesisi, breki, usukani, matairi na taa. Kundi B ni mwendo: injini, betri, rejeta, tangi na kabureta. Kundi C ni sura: rangi, viti na turubai.

Mwalimu aulize: “Tuanze na lipi?” Aghalabu wengi watataka rangi, maana rangi hupendeza macho na huonyesha kwamba kazi imeanza. Mwalimu asiwakemee. Awapeleke ufukweni wamwulize fundi wa mashua kama aweza kutia deheni kabla ya kukagua mkuku na mataruma. Jibu lake litatosha. Rangi juu ya chesisi iliyooza ni fedha iliyotupwa, na injini mpya ndani ya gari lisilo na breki ni hatari kubwa kuliko gari bovu lililosimama.

Hatua ya nne: Hesabu

Sasa bei ziingizwe. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi kiulize bei za kundi moja kwa wauza spea na mafundi wawili tofauti, Mikindani au Mtwara mjini, wapate kulinganisha. Hapa tunatumia bei za mfano tu, ili kuonyesha njia.

Tuseme kamati ya wavuvi imepewa Land Rover kuukuu, nayo yataka kuitumia kupeleka samaki sokoni Mtwara. Fedha zilizopo ni sh. 6,000,000.

Kundi A: chesisi kuchomelewa 900,000, breki 650,000, usukani 250,000, matairi 4 kwa 300,000 kila moja 1,200,000, taa na nyaya 200,000. Jumla 3,200,000.

Kundi B: injini 1,400,000, betri 250,000, rejeta na mipira yake 200,000, tangi na kabureta 150,000. Jumla 2,000,000.

Kundi C: rangi 700,000, viti 200,000, turubai 300,000. Jumla 1,200,000.

Jumla kuu ni sh. 6,400,000. Wengi watasema upungufu ni 400,000. Hapo ndipo mwalimu alete neno akiba. Gari kuukuu huficha mambo. Bolti hukatika, na nyuma ya bati moja bovu hutokea jingine. Kwa hiyo tutenge robo ya fedha zote, yaani 1,500,000, kwa mambo yasiyotazamiwa. Fedha ya kupangia sasa ni 4,500,000, na upungufu halisi ni 1,900,000.

Tukiacha kundi C lote, jumla hushuka kuwa 5,200,000. Bado tumepungukiwa na 700,000.

Hatua ya tano: Uamuzi

Hii ndiyo hatua iliyo kiini cha somo, nayo yapasa kupewa kipindi kizima. Kila kikundi kipendekeze njia na kuitetea mbele ya wenzao. Njia zinazoweza kutokea ni hizi: kufanya kundi A mwaka huu na kusubiri msimu ujao kwa kundi B, kuchanga sh. 700,000 zaidi kabla ya kufungua nati ya kwanza. Kukagua injini upya ili kuona kama inahitaji matengenezo madogo badala ya makubwa. Au kutolianza gari hili kabisa na kutafuta njia nyingine ya kupeleka samaki.

Zipo njia mbili ambazo mwalimu hana budi kuzipinga kwa hoja. Ya kwanza ni kula akiba kabla kazi haijaanza, kwani akiba iliyokwisha kugawanywa si akiba tena. Ya pili ni kupunguza kundi A, kwa mfano kununua matairi mawili badala ya manne yanayohitajika.

Mwanafunzi akisema, “Mwalimu, sisi tunaona tusianze,” na akatoa hesabu zake, apewe alama sawa na yule aliyeona kazi ianze. Kufanya makadirio maana yake ni kukubali kwamba jibu laweza kuwa hapana. Mpango usioweza kukataa jambo lolote si mpango, ni orodha ya matamanio.

Mfano kutoka historia ya kusini

Mwalimu anaweza kuunganisha somo hili na Historia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika Mpango wa Karanga, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni milioni 25 hivi. Sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea zilijengwa bandari ya Mtwara na reli. Hapakutangulia mashamba ya majaribio. Matrekta mengi yalikuwa kuukuu, masazo ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino baada ya vita. Mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Karakana na spea havikutosha, na sehemu kubwa ya matrekta hayo iliharibika mapema. Januari 1951 ilitangazwa kwamba mpango umeachwa, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Reli ya kusini ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wanafunzi waulizwe: katika hatua zetu tano, zipi zilirukwa? Watagundua wenyewe kwamba bei na shabaha ziliandikwa kabla ya ukaguzi, na kwamba kila upungufu ulipojitokeza, neno tusianze lilikuwa limekwisha kupitwa na wakati.

Neno kwa mwanachuo

Ndugu mwanachuo, siku si nyingi utakabidhiwa darasa, na pengine utaombwa kuwa katibu wa kamati itakayoezeka upya paa la shule kwa michango ya wazazi. Mzazi aliyetoa mchango wake kutokana na mauzo ya korosho au samaki anastahili kuonyeshwa ukaguzi, makundi, akiba na uamuzi, wala si jumla peke yake. Ukiwa umekwisha kulifundisha somo hili kwa watoto wake, naye atajua la kukuuliza.

Mazoezi

1. Andaa andalio la somo kwa hatua ya kwanza, ukitumia chombo kingine cha mahali ulipo, kama vile mashua, baiskeli au mashine ya kusaga.
2. Katika mfano wetu, kamati ikitenga akiba ya sehemu moja ya tano badala ya robo, upungufu baada ya kuacha kundi C utakuwa kiasi gani? Je, ungeishauri kamati ifanye hivyo?
3. Eleza jinsi utakavyompa alama mwanafunzi ambaye hesabu zake ni sahihi lakini uamuzi wake hauna sababu.